Mama wa Ahero na safari ya Gigiri

Dada wa Kisumu, sasa Dallas:

Habari zenu wapendwa. Mama ameitwa Nairobi kwa mahojiano ya viza ya Marekani. Anatoka Ahero na magoti yanamsumbua. Kisumu ni jiji, uwanja wa ndege tunao. Wamarekani wanashindwaje kupanga hata vyumba viwili pale Oginga Odinga Street, wakahudumia Nyanza na Magharibi yote? Tena ndugu zangu wanne wanataka kumsindikiza. Wataruhusiwa kuingia?

Mjomba wa Nakuru, sasa Delaware:

Binti yangu, mpe mama pole ya safari. Hivyo vyumba viwili vinazuiwa na sheria yao wenyewe, na sheria hiyo ilizaliwa Nairobi.

Baada ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1999 kuhusu usalama wa balozi zao. Jengo jipya sharti liwe futi 100, karibu mita 30, kutoka ukingo wa kiwanja. Pia watumishi wa serikali yao walio katika mji mmoja wakae ndani ya ua mmoja, wasitawanyike kwenye ofisi za kupanga. Kukwepa masharti hayo kulihitaji kibali cha Waziri wa Mambo ya Nje mwenyewe, na Bunge liarifiwe. Sasa nitajie jengo moja la Oginga Odinga Street lililo mita 30 kutoka barabarani. Ndiyo maana ubalozi ulihamia Gigiri, nje kidogo ya katikati ya Nairobi, kwenye kiwanja kipana, mwaka 2003. Mwaka 2022 Bunge lililegeza masharti ili hatari ya kila mahali ipimwe kivyake, lakini hilo halijatuletea dirisha la viza huku kwetu.

Kinachoniuma ni kwamba hizo futi 100 zilijulikana mapema. Ubalozi wao wa Beirut ulipolipuliwa mwaka 1983, tume ya Admirali Bobby Inman ilipendekeza umbali huohuo mwaka 1985. Pesa hazikutosha, majengo ya zamani yakaachwa yalivyo. La Nairobi lilikuwa pale kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, limeshikana na barabara. Balozi wao wa Nairobi, Prudence Bushnell, alikuwa ameandika kwao kuomba jengo jingine kabla ya msiba. Hakupewa.

Nguvu ya mlipuko hupungua haraka sana kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo mita chache tu huokoa watu. Siku ile guruneti lililia kwanza, watu maofisini wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Bomu lenyewe likafuata, na vioo vikawapiga usoni. Wengi walipoteza macho kwa njia hiyo.

Nairobi walikufa watu 213. Wafanyakazi wa ubalozi kati yao walikuwa 44, Wamarekani 12 na Wakenya 32. Wengine waliokufa ni wetu waliokuwa jirani: jengo la Ufundi lililoporomoka, magari barabarani, wapita njia. Sudan, iliyoshtakiwa Marekani kwa kuwahifadhi al-Qaeda waliolipua, ilipokubali kulipa dola milioni 335 kwa madai ya huko Marekani, wengi wa hao wa mtaani hawakuhesabiwa. Sheria ya 1999 nayo inapima kutoka ukingo wa kiwanja kwenda ndani. Aliye nje ya ukuta haimtazami. Mimi naona hilo ni kosa, na nitalisema kila nikipata nafasi, kwa sababu mkataba wa Vienna wa 1961 unaitaka Kenya ilinde balozi za wageni, na askari anayesimama nje getini ni mtoto wa mtu kama wetu.

Kwa hiyo ndugu wanne wasiende. Mwenye miadi ndiye anayeingia, na msaidizi wa mgonjwa huombewa ruhusa mapema. Kundi la familia likisubiri ukutani linawapa walinzi kazi, na hapo si mahali pa kukaa bila sababu. Mmoja amfikishe, kisha akamsubiri kwenye maduka ya Village Market.

Dada wa Kisumu:

Asante sana Mjomba. Je, afike saa ngapi? Alikuwa anataka kupanda basi la usiku, ashuke alfajiri aende moja kwa moja.

Shangazi wa Kakamega, sasa Nairobi:

Mwanangu, basi la usiku hapana. Mtu wa magoti akishuka mjini saa kumi na moja alfajiri na baridi ile, atafika kwenye mahojiano amechoka, ajibu ovyo. Aje jana yake alale kwa ndugu, Ruaka au Banana, halafu asubuhi ni matatu moja tu hadi Gigiri. Asifike masaa matatu kabla ya miadi akidhani atawahi foleni. Atakaa nje bure. Asome barua ya miadi inasema nini kuhusu simu na mikoba, na vitu vingine aviache nyumbani, kwa maana getini hakuna wa kukushikia. Karatasi zote kwenye bahasha moja inayoonyesha ndani. Na kuhusu magoti, waandikieni ubalozi sasa hivi mkiomba kiti na msaidizi, msingoje siku yenyewe. Akikosa pa kulala nijulishe, kitanda kipo kwangu.