Nilipotea Guangzhou simu ilipozima, sasa nampeleka mama Umra: nishaurini

Muuza Mabegi, Darajani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linanikosesha usingizi, naomba ushauri kwa mliokwisha safiri.

Mwaka jana nilikwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kufuata mzigo. Nilifikia hoteli ya Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi. Kwa laini ya kule Google haifunguki, basi mwenzangu akanitilia ramani ya Kichina akanionesha pa kubonyeza. Siku tatu nikatembea macho yamo kwenye kioo. Nikiambiwa kata kushoto, nakata. Siku ya nne nilishinda soko la ngozi la Sanyuanli, napiga picha za mabegi na kuwatumia wateja Unguja. Magharibi simu ikazima.

Hapo ndipo nilipojua kuwa sijui kitu. Jina la hoteli kwa Kichina silijui. Namba ya mwenzangu imo ndani ya simu. Pesa nazo zimo humo humo, kwani kule hata muuza matunda wa njiani hulipwa kwa kuskani. Nikishika njia narudi palepale, na mabango yote kwangu ni michoro tu. Nilizunguka hadi karibu saa tano usiku, nikakutana na kijana wa Kiafrika, Mungu amlipe, akanifikisha mlangoni. Kumbe Sanyuanli na Xiaobei ni vituo viwili tu vya treni, unabadilisha mara moja! Siku zote nilipita pale na sikushika hata jengo moja. Na mimi ni mtoto wa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, Unguja. Wageni wanapotea kwetu na ramani mkononi, mimi umeme ukikatika nafika mtaa wa Malindi bila tochi.

Mwezi ujao nampeleka mama Makka. Ana miaka 68, simu yake kitochi, na kusoma anasoma msahafu tu. Wakati wa sala wanawake wana sehemu zao, kwa hiyo lazima tutaachana. Nimnunulie simu kubwa? Wallahi naogopa kumpoteza kama nilivyojipoteza mwenyewe.

Bi Chake

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nimekwenda mara tatu. Simu mpya usimnunulie, atahangaika nayo na ibada imshinde. Unasema anasoma msahafu "tu"? Hiyo ndiyo iliyokukosa wewe China! Milango ya Msikiti Mtukufu ina majina na namba kwa Kiarabu. Wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, wa Mfalme Fahd ni 79. Na namba za Kiarabu mama anazijua, si ndizo zilizo mwisho wa kila aya?

Chagueni mlango mmoja ulio upande wa hoteli yenu, na usibadilishwe hata mkiona mwengine una nafasi. Mkitoa salamu asinyanyuke. Watu wanamwagika kwa pamoja, na mzee akiingia kwenye ule mkondo unamchukua popote. Akae, alete uradi wake, wakipungua atoke mlango wenu, nawe uwe umesimama hapo. Mfanyie na kikuku chenye jina la hoteli kwa Kiarabu na namba yako. Na wewe vaa.

Mwanafunzi wa Guangzhou

Pole sana kaka. Ukirudi huku, chukua kadi ya hoteli kaunta kabla ya kutoka, iwe na maandishi ya Kichina, dereva yeyote ataisoma. Na ukipotea ulizia msikiti wa Lanpu, hauko mbali na Xiaobei. Siku ya Ijumaa hukosi Mwafrika pale.

Kuhusu simu: kuonesha ulipo hakuhitaji bando, simu inapokea satelaiti yenyewe. Bando linavuta picha ya ramani, kwa hiyo ipakue ungali nyumbani. Ila baina ya majengo marefu ile nukta hurukaruka, kwa sababu mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia. Makka hoteli zimepanda juu kama huku, usiiamini moja kwa moja.

Nahodha, Wete

Sisi wavuvi hatushiki alama moja. Tunapanga mbili, mnara na mnazi mrefu kwa mfano, zikikaa mstari mmoja ndipo tunajua tuko wapi. Kule Makka watu wanaambiana "angalia mnara wa saa". Mnara ule una saa pande zote nne, ukiutegemea peke yake utakupeleka upande sio. Mtafutieni wa pili. Na mkitoka hotelini siku ya kwanza, kila mnapokata kona geukeni nyuma mtazame, maana njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda.

Msafiri wa Shangani

Nakubaliana na wazee, lakini kaka simu yako usiiache. Kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume kule Madina, kunataka miadi ya programu ya Nusuk. Beba pawabenki, picha piga chache.

Muuza Mabegi, Darajani

Ahsanteni sana, Bi Chake hasa. Jana baada ya isha nilimfungulia mama Yasin nikamwambia anitafutie aya ya 79. Akaweka kidole papo hapo, akanitazama, akaniuliza, "Na hoteli yetu iko mlango gani?" Sikuwa na jibu. Asubuhi hii nimempigia wakala.