Waliotuuzia "kusinki pande mbili": embago imevunjika, stori iliyouawa imefufuka, na bado wanasema mfumo uko sawa

Wakuu, leo salamu mtanisamehe. Kwa siku mbili nimelala jumla ya saa nne tu. Mkiona nimekosea herufi ni usingizi, mkiona nimetukana mjue hapo nimejizuia.

Mimi ni mhariri wa tovuti kwenye chumba cha habari cha ukubwa wa kati. Miezi michache iliyopita wakubwa walinunua programu ya kupanga habari. Humo ndimo inamokaa dayari ya siku: nani anakwenda wapi, na mpiga picha gani, stori inatarajiwa lini, iende gazetini, mtandaoni au kote. Kwa kupanga tu, sina ugomvi nayo. Dayari yetu ya zamani ilikuwa faili moja la Excel lenye nakala saba, kila dawati na nakala yake, na kila moja inaapa kuwa ndiyo ya mwisho. Hapo tulipiga hatua, nisiwe mnafiki.

Ugomvi wangu ni kwenye kuiunganisha na tovuti. Siku ya kuuza walikuja na slaidi, wakachora mshale wenye ncha mbili kati ya programu yao na tovuti yetu, ambayo iko kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Ukigusa huku kunabadilika kule, ukigusa kule kunabadilika huku; ndiyo hiyo "kusinki pande mbili". Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Sasa nawasimulia ya wiki hii tu.

Jumatatu. Taasisi moja ya utafiti ilikuwa imetupa ripoti kwa embago ya saa 12 asubuhi, yaani isitoke kabla ya hapo. Mwandishi akaandika jioni, ikahaririwa, mhariri wa zamu akaweka 06:00 kwenye mpango, watu wakaenda kulala. Saa 9 usiku stori iko hewani! Nilijua kwa simu ya yule mama wa mawasiliano wa taasisi. Hakufoka. Aliongea taratibu, neno moja moja, na mtu mzima akikusema kwa upole namna ile unatamani bora angefoka. Tumeshatolewa kwenye orodha ya wanaopewa ripoti mapema.

Nikaandika tiketi kwa sapoti. Jibu la kwanza: je, inawezekana mhariri wenu alichanganya saa za Kiswahili na saa za kompyuta? Jamani. Saa za Kiswahili zinapishana na hizo kwa saa 6. Stori yetu ilitoka saa 3 kabla ya muda wake. Hata kutusingizia wameshindwa hesabu.

Nikaingia kwenye logi (kumbukumbu za programu) mwenyewe. Programu yao inageuza muda kuwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo 06:00 inakuwa 03:00. Mpaka hapo ni sahihi. Halafu wanaituma hiyo 03:00 ikiwa uchi, bila Z mwishoni wala +00:00 ya kuonyesha kuwa ni UTC, tena kwenye sehemu ya `date`, ambayo WordPress inaisoma kama saa za tovuti. Pembeni yake ipo sehemu nyingine, `date_gmt`, iliyowekwa mahususi kwa saa za UTC. Mlango huo wa REST, ambao programu za nje hupitia kuongea na tovuti, umo ndani ya WordPress yenyewe tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. Aliyeunganisha hakusoma. Basi!

Na kuna baya zaidi ndani ya hilo hilo. WordPress ikipokea makala iliyopangiwa muda ambao umeshapita, haisubiri, inaichapisha pale pale. Kwa hiyo stori ya saa 8 mchana ukiihifadhi kwenye mpango saa 6 mchana, inatua kule ikiwa na saa 5 asubuhi, na inapaa hapo hapo. Wiki mbili tulikuwa tunamlaumu binti wa mitandao kwamba ana haraka ya kubonyeza. Nimemwomba radhi mbele ya watu.

Sasa Jumatano, ambayo ndiyo imenitoa usingizi.

Kila stori kwenye mpango ina jina la kazini. Si kichwa cha habari, ni lile jina la sisi kwa sisi, mfano MAJI-MKATABA-2. Chini yake kuna maelezo ya ndani. Kwenye stori hii maelezo yalikuwa yanamtahadharisha mwandishi kuhusu chanzo mmoja, kwamba jina lisitajwe na asinukuliwe mpaka wakili aseme. Na jina lenyewe likiwa limeandikwa pale, maana ni mawasiliano ya ofisini. Kwenye tovuti stori ilikuwa imeshatoka safi, kichwa kizuri, chanzo kimefichwa kama ilivyoahidiwa.

Mtu wa mipango akaihamisha stori ile kutoka dayari ya Alhamisi kuja Jumatano, ili rekodi ziende sawa. Aligusa tarehe tu. Lakini programu yao haitumi kilichobadilika, inatuma rekodi nzima. Kichwa cha habari kikafutwa, kikakaa MAJI-MKATABA-2. Na yale maelezo ya ndani yakaenda kukaa kwenye muhtasari, ambao kwenye tovuti yetu unaonekana chini ya kichwa, kwa herufi nene, kwenye ukurasa wa mbele.

Dakika 22. Jina la mtu aliyetuamini lilikaa mbele ya dunia dakika 22. Kilichotusaidia kurudisha maandishi ni ile tabia ya WordPress kutunza matoleo ya nyuma ya kila makala. Picha za skrini hazina toleo la nyuma. Nimezungumza na huyo mtu. Sitasema tulichozungumza.

Sapoti wamejibu, nawanukuu kwa maana si kwa neno: mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa, kwa kuwa mpango ndio "chanzo cha ukweli", na wateja wanashauriwa wasiweke taarifa nyeti kwenye maelezo ya ndani. Wasiweke wapi, kwenye ukuta wa chooni? Maelezo ya ndani ni ya nini kama si kwa hayo?

Mengine nayapitia mbio. Stori iliyouawa: tulifuta kwenye mpango baada ya wakili kukataa, lakini programu inapeleka habari za kuundwa na kubadilishwa, za kufutwa haipeleki kabisa. Kule kwenye tovuti ikabaki imepangiwa muda wake, muda ukafika, ikajichapisha. Nakala pacha: tovuti ikielemewa inachelewa kujibu, programu inadhani ujumbe haukufika, inatuma tena bila namba ya utambulisho, basi tunapata makala ileile mara mbili, ya pili anwani yake ina -2 mwishoni. Kuna moja ilifika -4.

Mtu atasema haya ni madudu madogo madogo, yatarekebishwa. Hilo la saa, sawa, litarekebishwa kwa mstari mmoja wa kodi (code) ya programu. Lakini lile la Jumatano si dudu, ni wazo lenyewe lililooza. Mpango ni ahadi: tutafanya hiki, kesho, fulani aende. Makala iliyotoka ni neno tulilomwambia msomaji. Hivi ni vitu viwili, vina wenyewe wawili, na kila sehemu inapaswa kuwa na mwenyewe mmoja tu. Tarehe ya kutoka na embago, mwenyewe ni mpango. Kichwa, muhtasari na anwani, mwenyewe ni tovuti mara tu mhariri anapovigusa, na mpango usivione tena isipokuwa kwa kusoma. Maelezo ya ndani hayavuki mpaka, nukta. Ukimpa kila upande haki ya kuandika juu ya mwenzake, umeweka manahodha wawili kwenye chombo kimoja, na chombo chenyewe kina jina letu ubavuni.

Tena hawana haja ya kuvumbua chochote. IPTC, chombo cha viwango vya habari kilichoanzishwa 1965, wana NewsML-G2, kiwango cha kubadilishana habari kati ya mifumo, na humo mpango ni kitu chake na habari ni kitu chake. Embago ina sehemu yake. Hali ya habari ina majibu matatu: inatumika, imezuiwa, imefutwa. Ujumbe wa wahariri una sehemu yake peke yake, ili usichanganywe na maneno ya msomaji. Watu walishaumia, wakakaa, wakaandika. Hawa wetu wakachora mshale.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mkuu uliyeuliza kwa nini hatujaizima, tumeizima Alhamisi asubuhi. Sasa hivi tunanakili na kubandika kwa mkono, na mhariri wa zamu ana karatasi ya embago imebandikwa kwenye skrini. Kinachoniudhi ni kwamba tuko salama zaidi hivi.

NYONGEZA 2: Hapana, jina la kampuni sitaji, mkataba una kifungu. Mnaonitumia PM mkibahatisha, acheni.

Ninachotafuta hapa ni mtu aliyewahi kuandika kiungo chake mwenyewe katikati: kinachopokea kutoka kwenye mpango, kinapitisha sehemu zilizoruhusiwa tu, kinakumbuka namba ya kila ujumbe ili usiingie mara mbili, na kila baada ya muda kinalinganisha orodha mbili ili kukamata zilizofutwa. Hilo la kufutwa ndilo linanishinda. Kama ulilitatua, weka hapa hapa kwenye uzi, wengine nao wasome.