Mvinyo mweupe au wa mapovu kwa jubilei ya wazee, Mtwara? Tumeonja chupa tatu

Mjukuu wa Mikindani
Wadau, habari za jioni. Mwishoni mwa Novemba wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Misa asubuhi, chakula jioni nyumbani Shangani, watu 60 hivi, wanaokunywa kama 40. Mzee ametaka jambo moja tu: wakati wa kugonganisha glasi asione bia mezani. Basi Jumamosi tumekaa sita, ndugu na majirani, tukaonja chupa tatu pamoja na vyakula vya siku hiyo.

Mbili ni za Simonsig, Stellenbosch, shamba la ukoo wa Malan huko Afrika Kusini: Chenin Blanc, mweupe usio na mapovu, na Kaapse Vonkel Brut, wenye mapovu na mkavu, yaani usio mtamu. Ya tatu ni mweupe mkavu wa Dodoma, nao ni wa zabibu ileile ya Chenin.

Kaapse Vonkel ulituteka mapema. Mapovu madogomadogo yanapanda bila kuchoka, harufu ya tufaha bichi na mkate wa moto. Tukaunywa na korosho zilizobanikwa zenye chumvi kidogo, hakuna aliyesema neno mpaka sahani ikaisha. Alipokuja pweza wa nazi mwenye pilipili mbuzi, mambo yakageuka: mapovu yakaamsha pilipili, ulimi ukawaka. Hapo Chenin ya Simonsig ndiyo ikaokoa jahazi, ina utamu wa matunda kwa mbali na uchachu unaokata mafuta ya nazi. Wa Dodoma ni mwepesi, una ukali wa ndimu, na kwa changu wa kuchoma niliupenda kuliko zote.

Mfuko hauruhusu zote tatu kwa wingi. Mngeanza na ipi?

Mhudumu Mstaafu
Hongera kwa wazee, mwanangu. Nimehudumu mezani miaka mingi, na ningeweka mapovu mwanzoni tu, pamoja na hizo korosho. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 6, kwa hiyo watu 40 ni chupa 7. Chakula kikishuka, leta mweupe.

Na ujue unachokinunua. Kaapse Vonkel maana yake cheche ya Cape. Frans Malan aliutengeneza mwaka 1971, wa kwanza Afrika Kusini kwa njia ya Champagne: mvinyo unatiwa chupani na hamira na sukari, unachachuka mara ya pili humohumo, na gesi inakosa pa kutokea. Ule mkate uliounusa ni hamira iliyolala nao. Mwanzoni alitumia Chenin, siku hizi ni Chardonnay na Pinot Noir hasa. Kwao hauitwi shampeni, kwa sababu jina hilo ni la jimbo la Ufaransa. Wanauita Cap Classique.

Nakuomba sana, MC asiutikise! Najua ndivyo tunavyofungua shampeni harusini, lakini humo ndani mgandamizo unazidi mara mbili wa tairi la gari. Kizibo kinatoa jicho. Shika kizibo, zungusha chupa polepole.

Binti Ligula
Shikamoo mzee. Mimi nawasemea mama zetu. Mama mkwe wangu alipewa Brut kwenye kipaimara akairudisha glasi, maana yeye shampeni anayoijua ni ile tamu ya harusini. Kaka, ongeza hata chupa mbili za tamu.

Mhudumu Mstaafu
Marahaba. Kweli kabisa. Atafute palipoandikwa Demi-Sec. Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Demi-Sec ni 32 hadi 50. Hiyo itolewe na keki, maana Brut ukiinywa na keki inageuka kama siki.

Mgogo wa Masasi
Mie nimezaliwa Dodoma, naomba mezani uwe wa kwetu. Kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ukiuliza vizuri unapata chupa changa, na mweupe wa aina hii raha yake ni uchanga. Ila angalia duka. Niliwahi kununua chupa iliyokaa dirishani juani, rangi imekuwa ya chai, harufu ya siki. Niliimwaga yote. Usiulaumu mvinyo kwa kosa la jua.

Wa Feri
Joto ndilo adui wetu, hasa Novemba. Friji ya nyumbani haitoshi chupa zote. Nenda feri alfajiri, nunua barafu ya wavuvi, jaza mapipa mawili, kisha ongeza maji na chumvi ya mawe. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale, maji yanaizunguka yote. Nusu saa zimepoa.

Mama Newala
Na wale 20 wasiokunywa? Wengine ni ndugu zetu Waislamu, nao wamekuja kuwapongeza wazee. Novemba mabibo yapo. Kamua asubuhi, chuja, weka ndimu na tangawizi, toa kwenye glasi zilezile ndefu. Usiyaache yakalala, yakichachuka ni uraka huo, na hawataugusa.

Mjukuu wa Mikindani
Shikamooni wakubwa, asanteni. Nimeamua: Kaapse Vonkel 7, Demi-Sec 2 za kina mama, mweupe wa Dodoma meza zote, na Chenin ya Simonsig chupa 3 pale penye pweza. Juisi ya mabibo, Mama Newala, nakuja kukuona. Chupa za Simonsig ziko kwa mdogo wangu Dar. Nani anashuka Mtwara wiki ile? Sitaki zipande buti la basi.

Wa Feri
Nashuka Jumatano na gari dogo. Aniletee Mbagala jioni, nina boksi la samaki lenye kifuniko. Nitaliosha.