Mtoto wangu wa miaka 8 amerudia kukojoa kitandani, naomba ushauri

Wazazi wenzangu, shikamooni. Niko Goma, hapa Majengo. Kijana wangu aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka 4. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, amerudia. Siku zile tulilala chini ya meza usiku kucha, risasi zinalia, yeye amenishika shingo bila kutoa sauti. Sasa ni karibu kila usiku. Mlango ukigongwa kwa nguvu anashtuka, na giza likiingia hataki kwenda msalani peke yake.

Kinachoniumiza ni aibu yake. Asubuhi naanika godoro juu ya mawe ya volkano nyuma ya nyumba, watoto wa jirani wanamwita kikojozi. Shangazi yake anasema nimchape. Sitamchapa, maana hafanyi kusudi, amelala.

Muuguzi mmoja aliniambia mtoto aliyekaa mkavu zaidi ya miezi 6 kisha akarudia, mara nyingi kuna jambo limemsumbua moyoni, lakini kwanza apimwe mkojo na sukari, na tuangalie kama hapati choo vizuri. Vipimo vimetoka vizuri, choo pia hakina shida. Nimepunguza chai ya jioni, namwamsha saa nne usiku akojoe. Bado.

Je, kuna aliyepitia haya? Mlimsaidiaje mtoto aongee kuhusu hofu yake bila kumlazimisha? Na mwalimu wake nimwambie, au nitamzidishia aibu?