Naomba ushauri: baridi ya Rovaniemi mwezi wa kwanza

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Moshi. Januari naenda kutembea Rovaniemi, Ufini, siku 6, mimi na binti yangu wa miaka 7. Viza tayari. Kule nyuzijoto huweza kushuka chini ya -30, na baridi kali ninayoijua ni ya Kibo usiku tu.

Pale Memorial, soko letu la mitumba, nimepata makoti mazito na nguo za ndani za sufu. Kinachonitia hofu ni miguu: buti zangu za mlimani nikivaa soksi mbili zinabana, vidole havichezi kabisa.

Mliowahi kuishi huko, ninunue buti za namba kubwa hapahapa au nikodi kulekule? Na mtoto akae nje muda gani bila kudhurika?

Natanguliza shukrani.