Nina vitabu 180 vya viumbe na mimea, nataka kuvitembeza. Nianze vipi?

Kiwavi Mchelewaji (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikikusanya vitabu vya maumbile: ndege, wadudu, miti, mawe, mawingu, bahari, vya watoto na vya wataalamu. Vimefika 180. Vingi nilipewa na watu waliokuwa wanahama nyumba. Juzi nikajiuliza mwaka huu vimefunguliwa vingapi. Havizidi kumi, na aliyevifungua ni mimi mwenyewe. Niliona aibu.

Wazo langu ni maktaba ya kuhamahama. Leo naitandaza bustanini, wiki ijayo uwanja wa shule, siku nyingine kando ya njia ya watembea kwa miguu. Jioni nafungasha naondoka. Nina gari dogo, meza mbili za kukunja na turubai.

Yanayonisumbua ni haya. Nivipange vipi? Nilianza kuvipa namba kama za maktaba kubwa, nikakwama kwenye nyuki: vitabu viwili vya nyuki vimeangukia pande mbili zisizojuana. Halafu, niazimishe au visomwe hapohapo? Na vya zamani je? Nina kimoja cha wanyama cha 1974, michoro yake inaliza, ila najua mengi yamebadilika. Nikikiweka mezani si nitakuwa nadanganya watu?

Waliowahi kufanya kitu cha namna hii, nifumbueni macho.

---

Njiwa Posta

Mkuu hongera kwa moyo. Ila siku hizi mtu anapiga picha ua, simu inamtajia jina papo hapo. Nani atasimama kufunua kurasa 400? Sikukatishi tamaa. Toka na vitabu ishirini kwanza kabla hujaumia mgongo.

---

Mpiga Chapa

Kiwavi, karibu kwenye chama cha wabeba mizigo. Nimetembeza vitabu vya namna hiyo miaka sita sasa, na kabla ya kustaafu nilikaa kwenye mitambo ya uchapaji miaka 22, kwa hiyo kitabu nakipima gramu kwanza, maneno baadaye. Niruhusu nianze na hilo ambalo hukuuliza.

Karatasi ikiitwa ya gramu 80 maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ina gramu 80. A4 ni sehemu ya 16 ya mita hiyo, yaani gramu 5. A5 ni gramu 2.5. Kitabu cha A5 chenye kurasa 320 kina karatasi 160, kwa hiyo gramu 400 kabla ya jalada. Sasa, vitabu vya maumbile si riwaya. Vina picha, na picha zinataka karatasi nzito ya kung'aa, mara nyingi ya gramu 150. Kimoja cha A4 chenye kurasa 200 kikivishwa jalada gumu kimepita kilo. Kama theluthi ya vitabu vyako ni vya aina hiyo, hapo ndani umelaza kama kilo 120, bila meza. Asubuhi utavipakia kwa shangwe. Ngoja jioni.

Mimi nina makasha tisa, hakuna linalozidi kilo 12, na kwa siku sitoi zaidi ya manne. Njiwa Posta kasema ishirini. Mimi nasema hamsini hadi sitini, vingine vipumzike.

Nyuki sasa. Namba hazijakosea, ndivyo zilivyoundwa. Katika mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, ulioanza 1876, nyuki kama mdudu yuko 595 na nyuki kama mfugo yuko 638. Kwenye jengo lenye rafu ghorofa tatu, sawa. Mwaka wangu wa kwanza nami nilijipangia kwa namba. Akaja mtoto, akashika kitabu cha vipepeo, akaniuliza huyu anakula majani gani. Mimea ilikuwa kasha jingine, mwisho wa meza ya pili. Nilipofika nacho, mtoto kashaondoka. Usiku ule nilivunja mpango wote.

Siku hizi kasha linaitwa kwa mahali mtu aliposimama. Chini ya Jiwe. Ukingo wa Maji. Juu ya Tawi. Usiku. Na kadhalika. Ndani ya Usiku kuna popo, bundi, nondo, nyota, maua yanayofunguka jua likizama na hadithi moja ya watoto ya nungunungu. Kijitabu cha watoto kinalala ubavuni mwa kitabu cha chuo kikuu, na nimewaona watu wazima wakianza na cha watoto, kisha wakajifanya walikuwa wanatafuta kile kingine.

Wala si ujanja wangu. Mchoraji wa wadudu Maria Sibylla Merian alisafiri kwenda Suriname mwaka 1699, ana miaka 52, na katika kitabu chake cha 1705 unamkuta kiwavi, pupa na kipepeo pamoja juu ya mmea wanaokaa. Wengi wa zama zake walimchora mdudu peke yake kwenye ukurasa mweupe kama aliyeanguka kutoka mbinguni. Mimi nimefanya kwa makasha alichofanya yule mama kwa brashi.

Kabla hujafungua meza, zunguka hapo mahali nusu saa. Kama kuna gogo linaoza, toa Chini ya Jiwe. Kama hakuna maji karibu, usijisumbue kubeba samaki. Kitabu cha nyangumi mbali na bahari kinatazamwa picha tu, kinarudishwa. Kitabu cha kuvu kikiwa hatua kumi kutoka kwenye gogo lenye kuvu hakikai mezani.

Chini ya Jiwe ndilo kasha langu la kuvulia watu. Humo nina kitabu cha Darwin cha nyungunyungu, cha 1881, miezi michache kabla hajafa. Naweka utepe pale anapoeleza kwamba aliwapigia muziki. Mwanawe aliwapulizia zumari kubwa la bassoon, hawakushtuka. Walipigiwa piano kwa kishindo, kimya. Lakini vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti moja ikapigwa, wakakimbilia mashimoni. Hawasikii sauti, wanahisi mtikisiko. Sijaona mtu aliyesoma ukurasa ule akaufunga bila kumwambia aliye jirani yake.

Kuazimisha: siazimishi kwenda nyumbani. Naazimisha kwa hatua mia mbili. Chukua kitabu, chukua na hii lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, nenda kaangalie, rudi kabla sijakunja meza. Kwa miaka sita nimepoteza vitabu vinne na lenzi thelathini na moja.

Njiwa Posta, kuhusu simu hujakosea, nami naitumia. Simu inakupa lile jina la kisayansi la sehemu mbili, la mtindo wa mwanasayansi Linnaeus, mimea tangu 1753 na wanyama tangu 1758. Ukishalipata, lichukue kwenye faharasa nyuma ya kitabu chochote, cha lugha yoyote, ufikie ukurasa. Simu na kitabu havigombani.

Vya zamani nitarudi kuviandikia, mjukuu anataka kompyuta.

---

Kiwavi Mchelewaji

Mpiga Chapa, shikamoo. Nilidhani mtaniambia ninunue rafu, kumbe natakiwa kununua mzani. Nimepima kimoja cha matumbawe: kilo 2.3. Hicho kinabaki nyumbani.

---

Mkutubi wa Zamu

Nimependa makasha ya Mpiga Chapa, lakini nitapinga kidogo, maana mimi kazi yangu ni hiyo ya namba.

Mpango wa mahali unamfaa msomaji. Haukufai wewe saa kumi na mbili jioni ukijaribu kujua kipi hakijarudi. Bandika vitu viwili kwenye uti wa kitabu: kibandiko cha rangi kinachosema kasha lake, na namba inayosema ni kipi kwenye daftari lako. Rangi ya msomaji, namba yako. Ukitaka kuhamisha nyuki kutoka Juu ya Tawi kwenda kwingine, unabadilisha rangi tu.

Na kwenye kuazimisha, mimi ningeacha mlango wazi kidogo. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika mwaka 1931 kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Kuna msomaji ambaye hatua mia mbili hazimtoshi, anataka kukesha nacho. Tenga vitabu kumi ambavyo uko tayari kuvipoteza, hivyo viende.

La mwisho ni unyevu. Hewa ikikaa na unyevu zaidi ya asilimia 65 kwa muda, ukungu unaanza, na ukianza kwenye kitabu kimoja ndani ya kasha lililofungwa vyote ni wagonjwa. Usirudishe kasha ndani likiwa na joto la jua ukalifunga kifuniko. Liache wazi usiku mmoja. Vitabu ulivyopewa na watu, vikague wadudu kabla hujavichanganya na vingine. Ukiwa na shaka, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kilaze wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na ukikitoa usifungue mfuko mpaka kipate joto la chumba, la sivyo kitatoka jasho ndani.

---

Mpiga Chapa

Kiwavi, marahaba. Mkutubi, rangi na namba nimezikubali, kesho naanza kubandika. Kuhusu kukesha nacho tutaendelea kubishana.

Kwenye unyevu nina kovu. Mwaka wa pili niliacha makasha mawili juu ya nyasi usiku, turubai juu, nikalala kwa amani kwa sababu mvua haikunyesha. Maji yalipanda kutoka chini. Karatasi ya kung'aa imepakwa tabaka juu yake, na tabaka hilo likilowa kisha likakaukia hapohapo, kurasa zinashikana kama zimegundishwa. Huwezi kuziachanisha bila kung'oa picha. Vitabu kumi na saba vikawa matofali. Na hili nililijua! Nimelijua tangu nikiwa mwanafunzi wa mitambo. Weka mbao mbili chini ya kila kasha, hata kwa dakika tano.

Sasa vya zamani. Mimi navigawa kwa swali moja: kosa lake litamuumiza mtu?

Kama halimuumizi, kinabaki mezani, ila ndani ya jalada nabandika kikaratasi. Kitabu chako cha 1974, kama kina dinosaria, huenda wana ngozi tupu kama mijusi wote. Andika: "Kimechapwa 1974. Mwaka 1996 Sinosauropteryx alitangazwa kutoka China, na mwili wake ulikuwa na manyoya." Cha miti kikisema migunga ya Afrika ni Acacia, andika kwamba wanabotania walikubaliana Vienna mwaka 2005 jina hilo libaki kwa ile ya Australia, na mingi ya Afrika sasa ni Vachellia au Senegalia. Watu hupenda vikaratasi hivyo kuliko kitabu. Wanaona kwamba elimu ina tarehe.

Kama kosa linaumiza, usikigawe kwa mtu yeyote. Kitoe. Vitabu vya zamani vya nyoka vinavyofundisha kuchanja jeraha na kufyonza sumu, au kukaza kamba mkono ufe ganzi: madaktari wameacha hayo. Na vitabu vya uyoga vya bara jingine. Kuna uyoga unaoliwa sana Asia, Volvariella, ambao ukiwa mchanga unafanana na Amanita phalloides, na huyo anaua ini. Watu waliohamia Marekani na Australia wamekufa kwa kuuchuma wakidhani ni ule wa kwao. Kwangu kitabu cha uyoga ni cha kutazama tu, na nimeliandika hilo kwenye jalada kwa wino mwekundu.

---

Kiwavi Mchelewaji

Swali dogo la mwisho. Niandike nini kwenye bango? "Maktaba" naona inatisha, mtu atafikiri ataombwa kitambulisho.

---

Mkutubi wa Zamu

Una haki ya kuhofu. Mary Titcomb alipoanzisha gari la vitabu la kukokotwa na farasi huko Maryland mwaka 1905, kuna mtu aliliona likija akapaza sauti lisisimame kwake, akidhani ni gari la kubebea maiti. Wakapaka magurudumu rangi nyekundu upesi.

---

Mpiga Chapa

Langu halina neno maktaba. Kila mara naandika swali la mahali hapo kwa chaki. Mara ya mwisho: "Nani kafuma hii hapa juu?" na mshale kuelekea kwenye utando wa buibui. Mshale ulifanya kazi kuliko mimi.

---

Kiwavi Mchelewaji

Mrejesho. Jumamosi nimetoka na makasha matatu, vitabu 41, mbao chini. Bango langu liliuliza "Wingu hili litaleta mvua?" Halikuleta, kwa hiyo nilichekwa, lakini waliocheka walikaa. Mzee mmoja alishikilia kitabu cha mawingu saa nzima akiwa ameinua uso. Lenzi mbili hazijarudi.

Binti wa miaka kama tisa alinishinda. Aliniletea habari kwamba sisimizi wanambeba mwenzao aliyekufa, wakamtupa mbali na shimo. Wanajuaje kwamba kafa? Nilifungua vitabu vyote vya wadudu nilivyokuwa navyo pale, hakuna. Cha sisimizi peke yake kilikuwa miongoni mwa nilivyovipumzisha. Nimemwahidi jibu Jumamosi ijayo.

---

Mpiga Chapa

Kwa harufu. Mtaalamu wa sisimizi Edward Wilson na wenzake walionyesha mwaka 1958 kwamba maiti ya sisimizi ikikaa siku mbili tatu hutoa asidi ya oleiki. Ukimpaka asidi hiyo sisimizi mzima, wenzake wanambeba kwenda jalalani huku anarusha miguu. Anarudi, wanambeba tena, mpaka ajisafishe.

Hicho cha sisimizi kilichobaki nyumbani ni cha mwaka gani?

---

Kiwavi Mchelewaji

Ngoja nikaangalie.

1953. Natafuta gundi na kikaratasi.