Tupeane uzoefu: "too" ya Waingereza imekuponza wapi?

Wakuu, salaam. Mimi nahudumia wazee hapa Leeds. Bibi mmoja alitimiza miaka 90, tukamnunulia kadi, nami nikajimwaga kwa mwandiko wangu wa shule: "We love you too much." Bibi akavaa miwani, akasoma, akarudia. Akaniuliza kama tunataka kumpunguzia mapenzi. Watu mbavu hawana, mimi nimeganda na sahani ya keki mkononi.

Nilichofanya ni kuihamisha "mno" yetu mzimamzima. Sisi nakupenda mno, na chumvi imezidi mno, zote zinakubalika. Ya kwao ina lawama ndani. Supu ikiwa "very hot" unapuliza, unakunywa. Ikiwa "too hot" unaisukuma pembeni. Haya, leteni vyenu.

Muuza Vinyago, Mombasa:
Mimi iliniponza bila hata kutajwa. Mzungu kauliza bei ya twiga, nikamwambia 4,000. Akatabasamu, "That's a bit much." Nikadaka hiyo "bit", nikajua tofauti yetu ni ndogo, nikashusha mia moja. Akashukuru vizuri sana, akaondoka. Dada wa hotelini ndiye aliyenieleza: hapo "bit" ni adabu tu, mtu anasema bei imepita kiasi. Afadhali angefoka, ningeshuka hadi 2,500.

Nesi wa Usiku:
Muuza Vinyago pole, nimecheka. Yangu haichekeshi. Mzee kafanyiwa upasuaji wa nyonga, namuuliza maumivu vipi, "not too bad". Nikaona yuko sawa, nikaenda kitanda cha pili. Nesi mkuu akaja, akamwuliza kwa namba, sifuri hadi kumi. Mzee akasema saba! Shuka alikuwa ameikamata kwa ngumi na mimi sikuangalia mikono. Tangu siku hiyo wazee wa Kiingereza nawauliza namba.

Mwalimu Mstaafu:
Kwa faida ya wengi: "too" ni ile ile "to" iliyotamkwa kwa mkazo, ikaja kuongezwa "o" katika maandishi. Na msisahau "you're too kind". Hiyo ni shukrani, usianze kuomba radhi.

Kijana wa London:
Mwalimu umechelewa, mimi niliomba 😂 Halafu kazini kuna Mnigeria, kila nikimsaidia ananiambia "you too much!" Wiki nzima nikajua namkera, nikaacha kumsaidia. Akaja kuniuliza amenikosea nini. Kumbe kwao ni sifa, kama tunavyosema wewe ni noma.

Muuza Vinyago, Mombasa:
Sasa mleta mada, bibi wa kadi iliishaje?

Mleta mada:
Kadi ipo dirishani kwake mpaka leo. Nikimpelekea chai ananiambia, "Not too much love today, dear, just milk."